Urithi wa Watoto wa Mungu

Ninyi mnaojitayarisha kupokea Ubatizo, mmekwisha kusikia katekista akisema kwamba kwa Ubatizo mtu hufanywa mtoto wa Mungu na mrithi wa mbingu. Neno la kwanza mwalifahamu upesi. Neno la pili, «mrithi», mara nyingi laingia masikioni na kupita. Tena laweza kumwumiza mtu, kwa maana urithi aliouona yeye ni ugomvi penye matanga: ndugu za marehemu wachukua mbuzi na vyombo, na mjane abaki na nyumba tupu. Basi, twende kwanza kwa Waisraeli wa kale, maana Mungu aliwafundisha mengi kwa neno hilo.

Waebrania walikuwa na neno «nahala». Maana yake hasa ni fungu la nchi ambalo jamaa wamepewa wakae humo vizazi hata vizazi. Kitabu cha Yozue chasimulia jinsi nchi ya Kanaani ilivyogawanywa kwa kura, kabila kwa kabila, ili ijulikane kwamba mgawaji ni Mungu. Tena katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, Mungu asema wazi kwamba nchi ni yake, nao ni wageni tu wanaokaa kwake. Kwa hiyo hawakuwa na ruhusa ya kuiuza kabisa. Aliyebanwa na umaskini aliuza mavuno ya miaka tu. Na mwaka wa 50, mwaka wa Yubilei, shamba lilirudi kwa jamaa yake.

Sasa mtafahamu kwa nini Naboti alikufa. Mtu huyu wa Yezreeli alikuwa na shamba la mizabibu karibu na nyumba ya mfalme Akabu. Mfalme akalitamani, apate bustani ya mboga. Hakuanza kwa jeuri: alitoa fedha, au shamba jingine lililo bora zaidi. Mfanya biashara angefurahi. Naboti akakataa, kwa maana shamba lilikuwa urithi wa baba zake. Hakusema kwamba bei ni ndogo. Kwake yeye halikuwa kitu chenye bei. Akabu akajilaza kitandani, akageuza uso, asile chakula (na huyo ndiye mfalme!). Ndipo mkewe Yezabeli akaagiza wawekwe mashahidi wawili wa uwongo, na Naboti akapigwa mawe hata akafa.

Katika kugawana mali, mzaliwa wa kwanza alipata mafungu mawili; kama wana ni wawili, mali iligawanywa mara tatu. Baba hakuruhusiwa kumnyima haki hiyo kwa sababu mama yake hapendwi. Mabinti hawakurithi. Lakini Selofehadi alipokufa bila mwana mwanamume, binti zake watano walisimama mbele ya Musa na wakubwa wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee. Musa akapeleka shauri lao kwa Mungu, naye Mungu akajibu kwamba wanasema haki. Habari hii naipenda sana.

Kabila moja halikupewa nchi yake. Walawi walipata miji 48 ya kukaa pamoja na malisho, basi; Mungu alisema kwamba yeye mwenyewe ndiye fungu lao. Pengine wengine waliwahurumia. Lakini hapo Mungu alikuwa ameanza kuonyesha urithi ulio mkubwa kuliko mashamba.

Siku moja mtu alimwomba Bwana Yezu amwamuru ndugu yake agawane naye urithi, na Yezu akakataa kuwa mgawaji wao. Urithi aliotuletea ni Mungu mwenyewe, tumwone na kuishi naye milele. Mwenye haki ya urithi huo ni mmoja tu, Mwana wa pekee. Sisi twaingiaje? Mtume Paulo awajibu Wagalata: Mungu alimtuma Mwanawe ili sisi tufanywe wana, naye aliye mwana ni mrithi pia. Na kama vile wosia hauna nguvu mpaka mwenyewe afe, ndivyo Yezu alivyotia nguvu Agano Jipya kwa kifo chake msalabani. Katika Ubatizo twaunganishwa naye.

Angalieni basi: kibarua hupata mshahara, mwana hupata urithi. Wako wanaohesabu miaka ya mafundisho na sala walizozishika kichwani, kama kibarua ahesabuvyo siku zake. Kujifunza kwafaa sana, lakini hakuna anayeinunua mbingu kwa katekisimu. Wengine waogopa kwa njia nyingine: «Baba yangu hakubatizwa, nami nimekuja nikiwa mzee; bila shaka nitapewa makombo.» Sivyo. Nabii Ezekieli, alipoandika juu ya mgawo mpya wa nchi, alisema kwamba mgeni anayekaa kati ya Waisraeli apewe urithi katika kabila anamokaa, sawa na mzalia. Tena, shamba likigawanywa kwa wana kumi, kila mmoja apata kipande chembamba. Mungu hapungui kwa kugawiwa watu wengi.

Lakini urithi waweza kutupwa. Esau aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha dengu, kwa sababu njaa ilimsumbua saa ile. Kati yenu yuko anayeambiwa na jamaa yake: «Acha mafundisho, umrithi mke wa marehemu ndugu yako juu ya mke uliye naye, na shamba lake litakuwa lako.» Shamba ni la kweli, na njaa nayo ni ya kweli, hatumcheki mtu huyo. Esau alisimama mahali hapo hapo, na Naboti vilevile.

Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, amwita Roho Mtakatifu arabuni ya urithi wetu. Neno hilo si geni kwetu: Waebrania husema «erabon», nasi kwa Kiswahili twasema arabuni, yaani fedha anayotanguliza mnunuzi ili mwuzaji ajue kwamba iliyosalia itafuata. Arabuni hiyo mtaipokea katika Ubatizo na Kipaimara. Nayo ni sehemu ya urithi wenyewe, iliyokwisha kutolewa.