Hatia ya Ndoto

Tangu kale wenye hekima wamebishana kama mwanadamu ana hatia kwa ovu atendalo ndotoni. Augustino, katika Maungamo yake, aliuliza kama mtu alalapo huacha kuwa yule yule aliyekuwa macho. Swali ni la zamani, lakini elimu ya ubongo imelitia nuru mpya.

Mwaka 1953 Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, wa Chuo Kikuu cha Chicago, walieleza usingizi ambao macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope. Na wengi walioamshwa katika hali hiyo walisema walikuwa wakiota. Usingizi huo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, nao huchukua karibu robo ya usingizi wa mtu mzima. Mwaka 1959 Michel Jouvet, huko Lyon, Ufaransa, aliuita usingizi wa kinyume, kwa kuwa ubongo huwa kama ulio macho hali viungo vimelegea kabisa. Chimbuko lake limo katika shina la ubongo, mahali paitwapo daraja. Hapo hutoka amri mbili: moja huamsha ubongo, na ya pili hushuka katika uti wa mgongo ikafunga misuli. Macho na pumzi havifungwi.

Basi maumbile yamefungua mlango wa fikira yakafunga mlango wa vitendo. Mtu asilaumiwe kwa ndoto, maana hakuichagua. Wala asisifiwe kwa kutulia kitandani, maana utulivu huo si wema bali ni pingu.

Lakini pingu huweza kukatika. Mwaka 1986 Carlos Schenck na Mark Mahowald pamoja na wenzao, huko Minneapolis, Marekani, walieleza maradhi ambayo mgonjwa hutenda aotayo: akipigana ndotoni, ngumi humwangukia mkewe aliye ubavuni. Pigo la kwanza ni msiba, si dhambi. Lakini kukipambazuka, mke akamwonyesha jeraha, kutojua kwake kumekwisha. Akiacha kisu karibu na kitanda, akakataa kumwona tabibu, akasema kuwa ya usiku si yake, pigo la pili lina mizizi mchana. Hatia yake haikuzaliwa usingizini. Ilizaliwa katika uzembe wa mtu aliye macho.

Mtu hadaiwi ndoto yake, ila hudaiwa tahadhari. Aliyelala hana hukumu. Aliyeamka akajua, anayo.