Adabu ya Kuomba Kisichohesabika

“Give me informations.” Mwanafunzi wa Kalemie, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, anayetamka hivyo hajakusudia kumvunjia mtu heshima. “Give me” ameitoa kwenye “unipe” ya nyumbani. Ile “s” ya mwisho ameitoa shuleni, kwenye Kifaransa, ambako habari, ushauri na samani huhesabika moja moja. Mwalimu atamsahihisha: “Could I have some information, please?” Sahihisho ni halali, ila linaacha swali ambalo sarufi peke yake hailimalizi. Adabu ya mwombaji hukaa wapi, moyoni au kwenye kitenzi?

Si swali la anasa. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ng'ambo ya ziwa, Kigoma, hati nyingi za biashara huandikwa kwa Kiingereza. Mfanyabiashara aliyesoma kwa Kifaransa anajikuta akiomba bei na msaada kwa lugha ambayo hakukulia.

Mwaka 1975 mwanafalsafa John Searle wa Marekani aliandika kuhusu maombi yanayokuja kwa sura ya swali. Mwingereza akiulizwa mezani kama anaweza kusogeza chumvi, anajua hapimwi nguvu za mkono. Kalemie, “Mama, unaweza kunipa maji?” huenda ikajibiwa “Naweza,” kisha kicheko. Huko adabu hutangulia ombi: jambo mama, habari ya asubuhi, watoto hawajambo? Baada ya hapo “naomba maji kidogo” inatosha. Kiingereza, chenye salamu fupi, kimekitwisha kitenzi kazi yote hiyo.

Wakristo wa mwambao huu, ambako wamisionari Wakatoliki waitwao Mapadre Weupe walikabidhiwa kituo cha Mpala mwaka 1885, wana ushahidi mwingine. Sala ya Baba Yetu, katika Kigiriki cha Mathayo, inaomba mkate kwa kitenzi cha amri. Hakuna “ungeweza” hata moja. Je, ni ufidhuli mbele ya Mungu? Hapana, maana sala inataja kipimo: mkate wa leo. Anayesali hadai ghala.

Kipimo hicho ndicho kinachokutanisha ombi na nomino zisizohesabika. Maji, unga na ushauri havina ukingo. Mwombaji ndiye anayeuweka, na kwa kuuweka anampunguzia mwenzake mzigo. “Kidogo” ya Kiswahili na “some” ya Kiingereza zinafanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo ni ajabu kwamba vitabu vingi vya kujifunzia huyatenga masomo haya mawili, maombi sura moja, nomino sura nyingine mbali kabisa.

Wapo watakaosema kisichohesabika ni hivyo kwa asili yake. Bandarini Kalemie hoja hiyo haifiki mbali. Mchukuzi anahesabu mizigo mmoja mmoja, kwani ndiyo ujira wake, lakini Kiingereza kinasema “luggage” haina wingi. Maji nayo, yasiyohesabika, Kiswahili sanifu kinayapa upatanisho wa wingi: maji haya, maji mengi. Otto Jespersen wa Denmark, aliyezichambua nomino za namna hii katika kitabu chake cha mwaka 1924, alijua kwamba lugha hazigawanyi vitu sawasawa. Na kanuni yenyewe hulegea mtu akiona kiu: mgahawani London mteja huagiza “two waters, please”, na Kalemie mwenzake anaagiza maji mbili, akimaanisha chupa.