Mawe ya Tochi na Haki ya Jirani

Mtu akinunua kitu kwa fedha yake ya halali, kikamfaa hata kikamalizika, je, anayo ruhusa ya kukitupa popote apendapo? Wengi watajibu kwamba anayo, maana mali ni yake. Mimi nasema mali ilikuwa yake, lakini udongo na maji si yake peke yake.

Chukua mfano wa mawe ya tochi. Sisi watu wa pwani twavaa dhahabu arusini wala hatuulizi imetoka wapi. Huko Nyarugusu na Rwamagasa, katika Geita, na katika machimbo ya Kahama, mkoani Shinyanga, mchimbaji mdogo hushuka ndani ya duara na tochi kichwani. Kwake mchana na usiku ni mamoja. Betri ikififia maisha yake yamo hatarini, kwa hiyo hawezi kufanya ubahili wa nuru. Huitupa ile, akatia nyingine.

Betri hiyo ni kopo la zinki lenye kijiti cha kaboni katikati na unga mweusi wa manganizi. Inapotoa nguvu, zinki yenyewe huliwa. Ndiyo maana iliyochoka huvuja maji ikaozesha tochi. Na ndiyo maana mtindo wetu wa kuanika mawe juani huleta nguvu ya kitambo kidogo tu. Betri ya kuchaji, ikitiwa umeme, hurejea hali yake, tena mara mamia. Moja hiyo huzuia mamia yasitupwe ardhini.

Wapo wasemao: huko watu hukamatia dhahabu kwa zebaki, nawe wahangaika na mawe ya tochi? Kosa kubwa halihalalishi dogo. Mwaka 1956, huko Minamata, Japani, yaligunduliwa maradhi ya watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagwa zebaki na kiwanda. Waliokula sio waliomwaga. Mkataba wenye jina la mji huo, wa mwaka 2013, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, wazungumzia uchimbaji mdogo wa dhahabu, na humo humo wakataza aina kadhaa za betri zenye zebaki.

Lakini tusiipambe mno betri ya kuchaji. Zipo za nikeli na kadimi, na kadimi hudhuru figo. Bora zile za nikeli zisizo nayo. Wala hazifai kila mahali: saa ya ukutani hukaa na betri moja hata mwaka, ya nini kuigharimia? Ni za tochi, na redio isiyozimwa. Bei yake ya kwanza ni nzito, na mchimbaji anayelipwa kwa mifuko ya mawe ya dhahabu huenda siku hiyo hana kitu. Kumlaumu yeye ni rahisi mno. Mwenye duara ndiye awezaye kuweka umeme wa jua akachaji tochi za watu wake wote.

Ama zilizokwisha nyumbani mwako, usizitie motoni wala chooni. Ziweke katika mkebe mkavu, mbali na watoto, mpaka upate safari ya Dar es Salaam au mji mwingine wenye wakusanyao taka za vyombo vya umeme.