Muumba wa Mbingu na Dunia, na Hesabu za Wataalamu

Kila Dominika Mkristu husimama katika Misa akaungama kwamba Mungu Baba Mwenyezi ndiye Muumba wa mbingu na dunia. Maneno hayo ni machache, na hata mtoto wa komunyo ya kwanza ameyahifadhi moyoni. Lakini kijana aliyefika chuo kikuu husikia huko habari nyingine, akarudi parokiani na maswali ambayo katekista hawezi kuyafukuza kwa kumwambia asali zaidi.

Habari ya kwanza humpendeza. Wenye elimu ya fizikia wameona kwamba nguvu za asili zimelingana kwa namna ya ajabu, kana kwamba zilipimwa ili uhai upate kuwako. Kaboni ni mfano. Imo katika makaa ya jikoni, katika sombe, katika mwili wa mtu. Nayo hupikwa ndani ya nyota, viini vitatu vya heliamu vikiungana. Mwaka 1953 Mwingereza Fred Hoyle, mtu asiyeshika dini, alitambua kwamba muungano huo ungekuwa haba mno kama kiini cha kaboni kisingekuwa na kiwango fulani cha nguvu, tena mahali pake hasa. Aliwaomba wataalamu wa California wakitafute, nao wakakikuta. Vivyo hivyo mwaka 1998 ilitambuliwa ya kuwa ulimwengu unatanuka kwa mwendo unaozidi. Nguvu inayousukuma ni ndogo ajabu kuliko hesabu zilivyotazamia. Kama ingalikuwa kubwa sana, nyota zisingalipata kukusanyika.

Kijana husikia hayo akasema: Mungu amethibitishwa kwa hesabu! Kisha huja habari ya pili, na furaha humtoka. Wataalamu wengine husema huenda malimwengu ni mengi yasiyohesabika, kila moja na vipimo vyake. Nadharia moja hutaja namna zake kwa tarakimu 1 ikifuatwa na sifuri 500. Katika wingi huo si ajabu ukapatikana ulimwengu mmoja unaowafaa watu, na ni humo tu watu wanapoweza kujikuta wakiuliza. Malimwengu hayo hakuna aliyeyaona, na wamo wataalamu wanaokataa kuyaita elimu. Hata hivyo mhubiri asiyacheke kwa sababu hayaonekani. Hoja hiyo Mkristu, kuliko watu wote, hana haki ya kuitumia.

Kosa liko kwingine. Kijana yule alimweka Mungu katika nafasi iliyoachwa wazi na hesabu, na kila hesabu mpya humsukuma Mungu atoke. Mwaka 1989 wataalamu waliikokotoa upya habari ya kaboni, wakaona nafasi yake si nyembamba kama ilivyodhaniwa. Je, mwaka ule Mungu alipungua?

Aliyelijua vema jambo hili alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji aliyezaliwa Charleroi mwaka 1894 na kupewa upadri mwaka 1923, alifundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain, kile kilichoanzisha Lovanium karibu na Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1954. Mwaka 1927 alionyesha kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1931 akasema ulitoka katika kitu kimoja kilichosongamana, atomu ya kwanza. Mwaka 1951 Papa Pio XII, akihutubia Akademia ya Kipapa ya Elimu, alifurahia elimu ya namna hiyo kana kwamba inashuhudia kuumbwa kwa ulimwengu. Lemaître, mjumbe wa Akademia hiyo, hakupendezwa. Heshima yake kwa Baba Mtakatifu haikupungua, lakini alishika kwamba nadharia yake ni fizikia tu, na asiyeamini yu huru mbele yake kama aaminiye. Mwaka 1958 aliyasema hayo waziwazi mbele ya wataalamu waliokutana Bruxelles. Kanisa halikumkemea, mwaka 1960 alifanywa mkuu wa Akademia.

Msingi wa neno lake ni wa zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, alifundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha ya kuwa ulimwengu ulikuwa na siku ya mwanzo. Hilo hujulikana kwa imani. Kuumba ni kuvipa vitu kuwako kwao, leo sawa na siku ya kwanza. Nyumba husimama hata fundi akifa. Mwanga wa mchana haubaki jua likiondoka, na viumbe ni kama mwanga huo. Mwaka 2010 Stephen Hawking aliandika kwamba sheria za asili zatosha kuutoa ulimwengu pasipo kitu. Lakini penye sheria pana kitu tayari. Na malimwengu yakiwa elfu elfu, yote yatahitaji kupewa kuwako.

Israeli hawakulipata fundisho hili kwa kupima nyota. Katika Kitabu cha Pili cha Makabayo, sura ya 7, mama mmoja aliwaona wanawe sita wakiuawa kwa siku moja. Akamwinamia wa saba, mdogo wao, akamwambia azitazame mbingu na nchi, ajue kwamba Mungu hakuzifanya kwa vitu vilivyokuwako. Hakuwa akimweleza jinsi nyota zilivyoanza. Alitaka mwanawe afe bila hofu, kwa kuwa aliyewapa kuwako pasipo kitu aweza kumrudishia mama watoto wake wote. Mama alikuwa angali akisema, kijana akawageukia wauaji, akawauliza wanangoja nini.