Mbuzi wa Ana



Ukurasa wetu leo unaanzia mahali mnapopajua vizuri sana: nyumbani kwenu, jioni, mwanzoni mwa mwezi.

Tuchukue mfano wa mume na mke wa Nyalenda, hapa Kisumu. Mume ameajiriwa. Tangu asubuhi amesimama kwenye foleni ya benki mjini, na alipofika dirishani akaambiwa kwamba mshahara haujaingia, arudi kesho. Amerudi nyumbani kwa miguu ili aokoe nauli ya boda boda. Mke anachuuza omena. Alifika ufuoni Dunga kabla ya jua kuchomoza, lakini hizi ni siku za mbalamwezi, na omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Maboti yamerudi karibu matupu, bei imepanda, naye ameambulia gorogoro chache tu. Nyumbani wanamkuta mtoto amerudishwa kutoka shule kwa ajili ya karo.

Mume anauliza: "Mama watoto, zile pesa nilizokuachia juzi zimekwenda wapi?"

Mke anajibu: "Baba watoto, uliniachia mia tano. Wewe unajua unga ni bei gani?"

Kutoka hapo maneno yanapanda. Ya mwaka jana yanafufuliwa, wakwe wanatajwa, na usiku huo wawili hao wanalala wamepeana mgongo.

Sasa tujiulize. Nani aliwakosea watu hawa siku hiyo? Mwajiri alichelewesha mshahara. Benki ilimsimamisha mtu siku nzima bure. Mwezi ulikuwa angani, na ziwa likanyima. Lakini adhabu imemwangukia nani? Imemwangukia mtu pekee ambaye hakuhusika, yule aliyeapa mbele ya altare kwamba atakuwa nasi katika taabu na raha.

Tobiti na fedha zisizofikika

Wengi hudhani kwamba Maandiko Matakatifu hayajui habari za foleni na mishahara. Fungueni Kitabu cha Tobiti, msome sura mbili za kwanza. Tobiti alikuwa mtu mwema. Aliwapa maskini, akawazika maiti waliotupwa, tena kwa kuhatarisha maisha yake. Alikuwa pia na akiba. Aliweka talanta kumi za fedha kwa ndugu mmoja aliyeitwa Gabaeli, huko Rage katika nchi ya Media. Kisha utawala ukabadilika, mfalme mwingine akakalia kiti, njia za kwenda Media zikawa za hatari. Fedha zilikuwepo, lakini hazikufikika. Siasa ilikuwa imefunga benki.

Baadaye Tobiti akapofuka. Mtu aliyezoea kutoa sasa akawa wa kupokea. Ikabidi mkewe Ana afanye kazi ya kufuma kwa ujira. Siku moja matajiri wake walimlipa ujira wake wote, wakamwongezea mwanambuzi wa kitoweo. Ana akarudi nyumbani na mbuzi, na mbuzi akalia. Kipofu akasikia. Aliuliza nini? Hakuuliza mke wake ameshindaje, wala hakumwambia pole kwa kazi. Aliuliza mbuzi huyo ametoka wapi, asije akawa wa wizi, akaamuru arudishwe kwa wenyewe. Ana akaeleza kwamba ni zawadi juu ya ujira. Tobiti hakusadiki. Ndipo Ana naye akampiga pale panapouma zaidi: akamwuliza ziko wapi sasa zile sadaka zake na wema wake wote.

Wapendwa, hao walikuwa watakatifu, na waligombana kama sisi. Tobiti hakuwa amekosewa na Ana. Alikuwa amekosewa na mfalme, na barabara, na macho yake mwenyewe. Lakini mfalme alikuwa mbali, na Ana alikuwa karibu. Huo ndio ugonjwa ninaotaka tuutibu leo.

Hasira ina mlango wake

Kwanza, hasira yenyewe si dhambi daima. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji hulia, na kilio hicho humfikia Mungu. Mwaka 1891 Papa Leo wa Kumi na Tatu, katika barua yake Rerum Novarum, alifundisha kwamba kumnyima mfanyakazi haki yake ni kosa zito, na kwamba mshahara unapaswa kumtosha mtu kuishi kwa heshima.

Sisi wa ziwani hatuhitaji kuelezwa. Kiwanda cha sukari cha Miwani, kisicho mbali na mji wetu, kililemewa na madeni, na mwaka 2001 kikakabidhiwa kwa wasimamizi wa madeni. Wakulima wa miwa na wafanyakazi walibaki wakidai. Oktoba 2015 Imperial Bank ilifungwa, na Aprili 2016 Chase Bank nayo ikafungwa kwa muda. Wenye akiba waliamka wakakuta milango imekomewa. Mtu aliyepatwa na hayo ana haki ya kukasirika.

Lakini hasira ina mlango wake. Mshahara ukicheleweshwa, mlango ni kwa mwajiri, kwenye chama cha wafanyakazi, hata mahakamani. SACCO ikiendeshwa vibaya, mlango ni mkutano mkuu wa wanachama, ule ambao wengi wetu hatuhudhurii. Kiongozi akila kodi zetu, mlango ni sauti yetu hadharani na kura yetu siku ya uchaguzi. Mlango wa chumba chenu cha kulala haumo katika orodha hiyo. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Waefeso, hakuwakataza kukasirika. Aliwakataza kuvuka machweo ya jua na hasira hiyo.

Jifunzeni basi kusema maneno machache mnapoingia nyumbani: "Leo nimekasirishwa, lakini si na wewe." Sentensi hii haigharimu hata senti moja, na imeokoa jioni nyingi.

Karatasi zote mezani

Pili, tuzungumze juu ya siri. Mwatakumbuka miaka ya 1990, gugumaji lilipoziba ghuba yetu. Lilianza kama mmea mmoja mmoja wenye ua zuri, na hakuna aliyeliogopa. Lilipokwisha kuungana, maboti yalishindwa kutoka na samaki wakashindwa kufika sokoni. Siri za fedha katika ndoa huota hivyo hivyo. Leo ni mkopo mdogo wa simu wa kumaliza wiki. Kesho ni mkopo wa pili wa kulipa ule wa kwanza. Mke ana chama ambacho mume hakijui. Mume ana mkopo unaokatwa kwenye mshahara ambao mke hajausikia. Siku moja wote wawili wanashangaa kwamba boti haliwezi kutoka.

Nawaomba jambo moja. Jumamosi moja kila mwezi, watoto wakishalala, wekeni karatasi zote mezani: karatasi ya mshahara, kitabu cha chama, taarifa ya SACCO, na simu zote mbili zikiwa wazi. Msianze kwa lawama. Someni tu. Mke asiyejua makato ya mumewe atadhani pesa zinaliwa kwingine, maana hajui kwamba kuna tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na mchango wa bima ya afya wa asilimia 2.75, juu ya kodi na malipo ya uzeeni. Mume asiyejua bei za sokoni Kibuye atadhani mkewe ni mharibifu. Wote wawili wanahukumu bila ushahidi.

Tena jueni haki zenu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yote kwa jumla kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inakataza nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi wa pili. Baba, ukiitiwa sahihi ya haraka haraka na mtu wa mkopo, sema, "Sina budi kumwuliza mama watoto." Huo si udhaifu. Ni sheria ya nchi, na kabla ya hapo ilikuwa sheria ya kiapo chenu. Kuhusu akiba ya benki, mwaka 2020 kiwango kinacholindwa na bima ya amana kilipandishwa kutoka shilingi 100,000 hadi 500,000 kwa mwekaji mmoja katika benki moja. Ni vizuri wote wawili mjue hayo kabla ya siku ya shida.

Msadiki mwenzako

Tatu, na hapa nawaambia akina baba waziwazi. Kazi ikikupotea, au mshahara ukikauka, na mke akawa ndiye anayeleta unga kwa omena yake, kwa cherehani yake au kwa kazi ya ofisi, utaumia. Nalijua hilo. Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mwanamume ni yule anayeleta. Lakini angalia uchungu huo unakupeleka wapi. Tobiti alikuwa kipofu wa macho, ila siku ile ya mbuzi moyo nao ukapofuka. Mwanamke aliyefuma siku nzima aliitwa mwizi na mtu aliyekuwa akimfumia.

Mkeo akirudi na kitu, mshukuru kabla ya kumwuliza. Papa Fransisko, katika waraka wake Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alikumbusha familia maneno matatu: kuomba ruhusa, kusema asante, kusema samahani. Hilo la pili ndilo mbuzi wa Ana alilokosa kusikia.

Na akina mama nanyi, jihadharini na jibu la Ana. Alikuwa na haki, lakini aligusa kidonda. Mume asiye na kazi anajua kwamba hana kazi. Hana haja ya kukumbushwa mbele ya watoto, wala kwenye chama, wala kwa mama yake. Maandiko yanasema kwamba baada ya ugomvi ule Tobiti alilia, akamwomba Mungu amtoe duniani. Neno la nyumbani linaweza kumfikisha mtu huko. Ukiona mwenzako ameanza kusema kwamba heri afe, usidhani ni maneno tu. Kaa naye, usimwache peke yake, na tafuteni msaada hospitalini na kwa padre wenu upesi.

Siasa na kitanda kimoja

Mwisho, siasa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mji wetu uliona maduka yakiteketea na watu wakiuawa, na majirani wa makabila mengine wakikimbia. Juni 2024 vijana waliandamana dhidi ya Mswada wa Fedha, Kisumu ikiwemo, na katika nyumba nyingi baba na mama hawakukubaliana kama mtoto atoke au akae. Kutofautiana si kosa. Mnaweza kupiga kura tofauti na kula sahani moja. Kosa ni pale unapomwita mwenzako msaliti kwa sababu ya mtu ambaye hajui hata jina lenu. Wanasiasa waliotukanana jana wanaonekana leo wakipeana mikono. Je, ninyi mliotukanana kwa ajili yao mmekwisha kupatana?

Mwisho wa habari ya Ana

Tobiti alipokumbuka akiba yake alimtuma mwanawe Tobia akaichukue. Ana alilia. Aliona kwamba fedha hazifai kufuatwa kwa gharama ya mtoto, na kwamba kile kidogo ambacho Mungu aliwapa kiliwatosha. Njiani Tobia alivua samaki katika mto Tigri, na nyongo ya samaki yule ndiyo iliyokuja kuwa dawa ya macho ya baba yake. Sisi watu wa samaki tunapaswa kuipenda habari hii.

Na siku Tobia aliporudi, nani alikuwa ameketi akiitazama njia? Ni Ana, yule aliyeitwa mwizi. Ndiye aliyemwona mtoto kwa mbali, ndiye aliyemwambia mumewe kipofu kwamba mwanao anakuja. Macho ya Tobiti yalipofunguka, hakuona kwanza mifuko ya fedha, ingawa ilikuwa imefika. Alimwona mtoto wake.

Jioni ya leo, kabla ya kuzima taa, zungumzeni haya wawili ninyi:

1. Wiki hii nani amenikasirisha huko nje, nami nikakulipiza wewe?
2. Kuna deni au akiba ambayo sijakuambia?
3. Ni "mbuzi" gani ulileta nyumbani, nami sikukushukuru?

Kisha shikaneni mikono mkasali: Ee Mungu Baba, wewe wajua mshahara wetu na madeni yetu. Utusaidie kuidai haki yetu bila woga huko nje, na kusadikiana humu ndani. Usiruhusu hasira ya mjini ilale kati yetu. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.