Deni la Kivuli

Apandaye mkrismasi Tunduma, mpakani mwa Zambia, ana swali la kujibu kabla hajachimba shimo: kivuli ni cha nani? Mbegu yenye ganda gumu ameiloweka yeye kwa maji ya moto. Mche ameuzungushia miiba, mbuzi wasiutafune, tena mbali na nyumba, kwani mizizi yake hutambaa juujuu na kupasua kuta. Matawi yakishatanda mfano wa mwavuli, anayejipumzisha chini yake ni dereva wa lori angojaye kuvuka kwenda Nakonde, asiyemjua mwenye mti.

Wahenga walisema kivuli cha mvumo hufunika walio mbali. Walilaumu, ilhali mvumo haukutenda kosa. Shina lina mwenyewe. Kivuli huhama na jua, asubuhi kwa huyu, jioni kwa jirani.

Hata hivyo, kisichomilikiwa chaweza kudaiwa. Aliyepumzika anadaiwa walau ndoo ya maji, hasa kiangazi, mti unapopukutisha majani ukabaki mtupu, maganda marefu yakining'inia, na mwenye shoka akauona kuni. (Asiyeujua huudhani umekufa.) Dereva aliyekaa chini yake Januari huenda Julai yuko mji mwingine. Basi ndoo hiyo aitie kwenye mche atakaoukuta huko, uwe wa Vwawa au wa Nakonde.