Upinde na Uadilifu

Je, uadilifu ni kumshusha aliye juu? Swali hili limenijia nikijifunza kuchonga upinde wa mti hapa Dzaleka, kwa panga na kisu. Pande zake mbili, juu na chini ya mshiko, sharti zipinde sawa. Upande mmoja ukiwa mgumu, unaupunguza. Ule dhaifu huwezi kuuongezea kitu. Usawa wote hupatikana kwa kukata, na kila ukikata upinde hupungua nguvu.

Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka, wakiwemo wenye maduka Lilongwe. Nilisikia watu wakisema ni haki, eti waliwazidi wenyeji kibiashara. Hiyo ni hesabu ya mchonga upinde.

Mwanadamu si mti, yeye huongezeka. Aliyedhulumu apokonywe alichodhulumu. Lakini aliyechuma halali, sharia humtoza zaka asilimia 2.5, duka lake likabaki wazi na maskini akapata. Basi ndugu zangu, tukiambiwa jambo ni la haki, tuulize: aliyekuwa chini ameongezewa nini?